Kutoka Embakasi hadi Uarabuni: Ndege Inachukua Masaa Mangapi?



Sisi tunaoishi upande huu wa Eastlands tumezoea sauti ya ndege. Ukiwa Embakasi, Pipeline au Utawala unaisikia asubuhi, unaisikia usiku wa manane, hata mtoto mdogo hashtuki tena. Kiwanja hiki kilifunguliwa mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kukijenga ilifanywa na wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari. Leo tunakiita Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Jomo Kenyatta, na ni jirani yetu kabisa. Lakini kwa miaka mingi ndege zilikuwa ni za watu wengine. Siku hizi wanaosafiri ni watoto wetu. Karibu kila kikundi tunachotembelea kina mama ambaye binti yake yuko Saudia, Qatar au Dubai, au anajitayarisha kwenda.

Makala haya hayasemi kama ni vizuri au ni vibaya kwenda. Hilo tulilijadili siku nyingine na tutalijadili tena. Leo tunataka kueleza jambo moja dogo ambalo limewagharimu watu wetu pesa na machozi: umbali wa safari ya ndege na muda wake. Tutaona kwamba si hesabu ngumu. Karani yeyote wa kikundi anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane kuhusu maneno mawili. Tukisema "saa" tunamaanisha wakati unaosomwa kwenye saa, kama saa mbili asubuhi. Tukisema "masaa" tunamaanisha muda unaopita, kama masaa matano ya safari.

TIKITI ILIYOPOTEA

Kikundi kimoja cha akina mama kilimkopesha mwenzao pesa za meri-go-raundi ili amsaidie binti yake kusafiri. Tikiti iliandikwa Jumanne, saa 00:55. Jumatatu watu wa nyumbani walishinda wakipika na kuaga majirani. Jumanne jioni walikodi matatu, wakaimba nyimbo njia nzima, wakafika kiwanjani saa mbili usiku. Mfanyakazi wa kaunta akaangalia tikiti akasema, "Mama, ndege hii iliondoka jana usiku."

Hakuna aliyewadanganya. Tikiti ilikuwa sawa, ila waliisoma vibaya. Saa 00:55 ya Jumanne ni dakika hamsini na tano baada ya saa sita usiku, ule usiku wa kuamkia Jumanne. Walipaswa kuwa kiwanjani Jumatatu jioni. Tikiti haikurudishiwa pesa, na deni la kikundi lililipwa kwa miezi saba.

Wazee wa pwani huhesabu siku kuanzia jua linapotua, kwa hiyo kwao usiku unaofuata mchana wa Jumatatu ndio usiku wa Jumanne. Sisi wa Nairobi tukisema "Jumanne usiku" tunamaanisha baada ya mchana wa Jumanne. Tikiti haifuati wazee wala haitufuati sisi. Kwake siku inaanza saa sita kamili usiku.

KUSOMA SAA YA TIKITI

Tikiti hutumia saa ishirini na nne, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Kuigeuza iwe saa yetu ya Kiswahili, fuata hatua hizi:

1. Kama saa ya tikiti ni chini ya 06, ongeza 6. Saa 03:30 inakuwa saa tisa na nusu usiku. Saa 00:55 inakuwa saa sita na dakika hamsini na tano usiku.

2. Kama ni 06 au zaidi, toa 6. Saa 17:35 inakuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni.

3. Ukitoa 6 ukapata zaidi ya 12, toa 12 tena. Saa 22:00: toa 6 unabaki na 16, toa 12 unabaki na 4. Ni saa nne usiku.

4. Ukitoa 6 ukabaki na sifuri, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi.

Ukiona saa inayoanza na 00, 01, 02, 03 au 04, piga mstari mwekundu hapo. Maana yake ni kwamba mtatoka nyumbani siku iliyotangulia. Na ukiona alama ya +1 karibu na saa ya kufika, maana yake ndege itatua siku inayofuata.

UMBALI UNAPIMWA NAMNA GANI?

Ndege haifuati barabara. Chukua mpira wa watoto au chungwa, weka alama mbili, kisha vuta uzi kutoka alama moja hadi nyingine mpaka ukaze. Uzi huo ndio njia fupi kabisa, na ndio umbali unaoandikwa kati ya viwanja viwili. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa uzi huo ni kilomita 420 hivi, ingawa kwa barabara ni karibu 480.

Kutoka Nairobi kwa njia hiyo ya uzi, umbali wa takriban ni huu:

Jeddah: kilomita 2,570
Riyadh: kilomita 3,100
Doha: kilomita 3,360
Dubai: kilomita 3,550
Muscat: kilomita 3,600
New York: kilomita 11,840

Kwa hiyo Riyadh ni kama kwenda Mombasa na kurudi kwa basi mara tatu, na zaidi kidogo. Ni mbali, lakini si mwisho wa dunia. New York ni karibu mara nne ya Riyadh.

KUTOKA KILOMITA HADI MASAA

Ndege kubwa ikishafika juu huenda kasi ya kilomita 850 hadi 900 kwa kila saa moja. Lakini haiko kwenye kasi hiyo safari nzima. Inatambaa chini kutafuta njia ya kurukia, inapanda pole pole, na mwisho inapunguza mwendo kabla ya kutua. Kwa hiyo gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza dakika 45.

Tujaribu Dubai. Kilomita 3,550 ukigawanya kwa 850 unapata masaa manne na dakika kumi hivi. Ongeza dakika 45: karibu masaa matano. Ndivyo ilivyo kwenye tikiti nyingi. Jeddah unapata masaa matatu na dakika 45 hivi.

Msishangae tikiti ikiwa na nusu saa zaidi ya hesabu yenu. Ndege hukwepa anga za nchi zenye vita, kwa mfano Yemen, na makampuni huongeza dakika kidogo kwa ajili ya foleni za kuruka na kutua.

Upepo nao una kazi yake. Babu zetu wa pwani walijua hilo: majahazi ya Mombasa na Lamu yalingoja kusi ndipo yaende Uarabuni, na kaskazi ndiyo iliyoyarudisha. Ndege haingoji msimu, lakini kule juu kabisa, hasa upande wa kaskazini ya dunia, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo sababu ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kwenda New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018, ilipangiwa masaa 15 kwenda na masaa 14 kurudi. Umbali ni ule ule, ila wakati wa kurudi upepo unaisukuma.

SAA YA HUKO NA SAA YA HAPA

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Dunia inazunguka, na jua haliwachomozei watu wote kwa wakati mmoja. Nchi zilizo mashariki yetu huliona mapema, na zilizo magharibi huliona baadaye. Kila nchi imejiwekea saa yake.

Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain: saa yao ni sawa na yetu.
Dubai na miji yote ya Falme za Kiarabu, pamoja na Oman: wako mbele yetu kwa saa moja.
Lebanon: wakati wa baridi yao wako nyuma yetu kwa saa moja, wakati wa joto tuko sawa.
New York: wako nyuma yetu kwa masaa manane wakati wa baridi yao, na masaa saba wakati wa joto.

Jambo la kukumbuka ni kwamba tikiti huandika saa ya kuondoka kwa saa ya mahali unapotoka, na saa ya kufika kwa saa ya mahali unapofika.

Tuchukue tikiti inayosema kuondoka Nairobi 16:45, kufika Dubai 22:45. Ukihesabu haraka utasema ni masaa sita. Siyo. Dubai ikiwa 22:45, hapa kwetu ni 21:45. Safari ni masaa matano. Akirudi, tikiti inasema kuondoka Dubai 10:30, kufika Nairobi 14:40. Ukihesabu haraka utasema masaa manne na dakika kumi. Lakini Dubai ikiwa 10:30, hapa ni 09:30, kwa hiyo safari ni masaa matano na dakika kumi.

New York inachekesha zaidi. Wakati wa baridi yao, ndege ikiondoka hapa 23:25 itafika huko 06:25 asubuhi. Kwa macho ni masaa saba. Kumbe ni masaa saba ya tikiti na yale manane ya tofauti: jumla kumi na tano.

NDEGE MBILI, SAFARI MOJA

Wengi wa watoto wetu hawapandi ndege ya moja kwa moja. Wanapita Doha, Dubai au Addis Ababa, wanangoja hapo, wanabadilisha ndege. Muda wa kungoja unaweza kuwa mrefu kuliko muda wa kuruka. Huu hapa ni mfano tulioutunga wenyewe kwa ajili ya kufundishia:

Nairobi 17:35 hadi Doha 22:45: masaa 5 na dakika 10.
Kungoja Doha hadi 03:30: masaa 4 na dakika 45.
Doha 03:30 hadi Riyadh 04:55 (+1): saa 1 na dakika 25.
Jumla: masaa 11 na dakika 20.

Nchi zote tatu hapa zina saa moja, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Angalia kwamba kutoka Doha hadi Riyadh ni kilomita 490 tu, lakini binti yetu atakaa Doha karibu masaa matano akingoja.

Mwambieni msafiri mambo haya manne:

Kwanza, akiwa kaunta ya Nairobi aulize kama sanduku lake linapelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, na kama kadi ya kupandia ndege ya pili anapewa hapa au huko.

Pili, akishuka kwenye kiwanja cha kubadilishia asitoke nje. Afuate mabango ya wanaobadilisha ndege, atafute mlango wake kwenye skrini, akae karibu nao. Namba ya mlango inaweza kubadilishwa, kwa hiyo aangalie tena na tena.

Tatu, asiamini saa ya mkono ambayo bado ni ya Nairobi. Anayepita Dubai na saa yake inasema 01:30, kwa watu wa Dubai ni 02:30. Wako waliosinzia kwa raha wakidhani bado wana saa nzima. Aangalie saa ya ukutani.

Nne, kwenye mkoba wa mkononi abebe sweta, dawa zake, chaja, na karatasi yenye namba za simu. Simu ikizimika, karatasi haizimiki.

KUTOKA NYUMBANI

Kiwanja kiko karibu, na ukaribu huo ndio unatudanganya. Kwa safari ya nchi za nje msafiri anatakiwa afike masaa matatu kabla ya ndege kuondoka. Mara nyingi kaunta hufungwa saa moja kabla, na ikifungwa imefungwa. Mtu wa Kayole, Umoja au Donholm anajua vile Barabara ya Outering inavyoweza kusimama jioni, hasa mvua ikinyesha. Kwa ndege ya 17:35, msafiri awe kiwanjani saa 14:35, yaani saa nane na dakika thelathini na tano mchana. Tunashauri mtoke nyumbani saa saba mchana. Kukaa kiwanjani mkingoja ni bora kuliko kukaa kwenye msongamano mkilia.

KARATASI ILIYOOKOA ELFU THELATHINI

Baada ya kupoteza ile tikiti, akina mama wale waliamua kwamba kila mtoto wa kikundi akisafiri, karani ataandika karatasi ya safari. Wanaandika kila hatua, saa ya hapa na saa ya huko, na nakala wanabaki nayo mama mzazi na mwenyekiti.

Binti mwingine aliposafiri, kwa njia kama ile ya mfano wetu, mama yake alipigiwa simu saa nane usiku. Mwanamume aliyejua jina la binti akasema, "Mama, mtoto wako ameshikwa na watu wa uhamiaji hapa Riyadh. Tuma elfu thelathini sasa hivi, la sivyo atalala ndani." Mama alitetemeka. Pesa alikuwa nazo kwa simu, ni za kikundi. Lakini kabla ya kutuma alimpigia mwenyekiti, naye akawasha taa akaisoma karatasi.

"Mama, sasa ni saa nane," mwenyekiti akamwambia. "Mtoto bado ameketi Doha. Ndege ya Riyadh haijaondoka, itaondoka saa tisa na nusu. Hawezi kushikwa mahali ambapo hajafika. Usitume kitu. Lala, ama tusali pamoja kwa simu."

Walisali. Saa mbili asubuhi binti akapiga simu mwenyewe. Alikuwa amefika salama na hakujua lolote.

Tunawaeleza haya kwa sababu wezi wa namna hii wanategemea kutojua kwetu. Mzazi asiyejua mtoto yuko wapi saa hii ataamini chochote anachoambiwa.

LINI TUANZE KUWA NA WASIWASI?

Ndege kutua si mwisho wa safari. Kuna foleni ya uhamiaji, kuna kungoja sanduku, kuna kungoja tajiri au dereva wake, na simu ya Kenya huenda isishike huko. Kwa hiyo baada ya saa ya kutua, hesabuni masaa sita bila kuogopa. Ni vizuri msafiri akubaliane na nyumbani kwamba atatuma ujumbe mahali pawili: kwenye kiwanja cha kubadilishia, na akifika.

Mara nyingine safari nzima huvurugika bila kosa la mtu. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la wanaowasili hapa hapa Embakasi. Mwezi wa Aprili 2024 mvua kubwa ilivuruga kiwanja cha Dubai kwa siku kadhaa. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa muda kwa sababu ya vita, na ndege zilizokuwa njiani zikageuzwa. Kwa hiyo habari zikichelewa, kwanza ulizieni kampuni ya ndege kwa kutumia namba ya ndege iliyo kwenye tikiti. Watawaambia kama imetua.

Ikiwa ndege imetua na siku nzima imepita bila neno, msingoje tena. Mpigieni ajenti aliyemsafirisha. Nendeni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo ndiyo inayosajili maajenti. Wasilianeni pia na ubalozi wa Kenya. Tuna balozi Riyadh, Doha, Abu Dhabi, Kuwait na Muscat. Mkiwa na karatasi ya safari mkononi, yenye jina, namba ya pasipoti, namba ya ndege na saa ya kutua, mtasikilizwa haraka. Mkienda mikono mitupu mtaulizwa maswali ambayo hamna majibu yake. Ni vizuri pia kuhakikisha kwa NEA kwamba ajenti amesajiliwa kabla ya kulipa hata shilingi moja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu ana mtu wa nyumbani aliye nchi za nje? Tunajua saa ya huko sasa hivi ni saa ngapi?

2. Tikiti inasema kuondoka Nairobi Alhamisi 02:10. Tutatoka nyumbani siku gani, na saa ngapi?

3. Kutoka Nairobi hadi Muscat ni kilomita 3,600. Ndege itachukua masaa mangapi? Ikiondoka hapa saa nne asubuhi, watu wa Muscat wataipokea saa ngapi kwa saa yao?

4. Nani katika kikundi chetu ataandika karatasi ya safari, na nakala zitawekwa wapi?

Jibu la swali la pili: mtatoka nyumbani Jumatano jioni, ili mfike kiwanjani kabla ya saa tano usiku. La tatu: karibu masaa matano. Kwa saa yetu itafika saa tisa mchana, kwa saa ya Muscat ni saa kumi jioni.

Watoto wetu wanapokwenda mbali hatuwezi kuwafuata, lakini tunaweza kujua wako wapi. Andikeni karatasi hiyo kabla ya sanduku kufungwa.

Mungu awalinde wote walio safarini, na awabariki ninyi mnaowangoja nyumbani.